Historia ukurasa wa tisa, vitanda ukurasa wa kumi

Chukua mwongozo wowote wa msafiri anayekwenda Msumbiji, uusome kama unavyosoma riwaya, mwanzo hadi mwisho. Kwanza utapewa historia kwa ufupi: Vasco da Gama 1498, Wareno, uhuru 25 Juni 1975, vita, amani ya 1992. Aya nne, basi. Halafu linakuja fungu la mahali pa kulala, na hapo ghafla mwandishi anapata sauti! Anajua rangi ya foronya, bwawa liko upande gani wa bustani, kifungua kinywa kina embe au hakina.

Nauli za chapa, daladala za kule, wanaziandika vizuri, hapo sina neno. Ugomvi wangu ni ule ukuta kati ya mafungu mawili, kana kwamba historia ilipita barabarani bila kugonga mlango wa hoteli.

Tazama Polana ya Maputo. Ilifunguliwa 1922, mji ukiitwa Lourenço Marques. Miongozo inasifia "haiba ya kikoloni", kisha inaendelea na bei. Haiba ya nani? Miaka hiyo chibalo, kazi ya shuruti, ilikuwa sheria ya nchi. Mtu anayelipia haiba hiyo leo angalau aambiwe alichouziwa.

Lakini Beira ndiko uandishi huu unakoanguka kabisa. Grande Hotel ilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya matajiri, vyumba zaidi ya mia, bwawa la kiwango cha Olimpiki. Matajiri hawakuja wa kutosha; 1963 ikafungwa kama hoteli. Baada ya uhuru, na hasa vita vilipowatoa watu mashambani, familia zikaingia. Mbao za sakafu zikawa kuni. Leo maelfu wanaishi humo: wanapika kwenye korido, wanauza nyanya, wanazaa, wanazeeka. Kimbunga Idai cha Machi 2019 kiliwakuta humo humo.

Miongozo inawafanya nini? Mingine inairuka, maana haina chumba cha kukodi. Mingine inaitaja kama gofu la kupigia picha, na mwandishi anakuonya ushike kamera yako vizuri. Yaani nyumba ya mtu imekuwa kivutio, mwenye nyumba kawa hatari! Licínio Azevedo alifanya kinyume katika filamu yake Hóspedes da Noite, yaani Wageni wa Usiku, ya 2007. Kamera yake inakaa na wakazi mpaka unaanza kuwajua kama majirani. Jina la filamu peke yake lina hoja kuliko sura nzima ya mwongozo: hao nao ni wageni wa hoteli, ila hakuna aliyewaandalia kitanda.

Sisi wa upande huu wa Ruvuma tuna sababu ya ziada ya kukereka. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam 1962, na Kimwani cha Ibo ukikisikiliza unasikia jamaa. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu zaidi ya mia walijificha katika hoteli ya Amarula, na baadhi waliuawa msafara wa magari ulipojaribu kutoka. Kurasa za Kiswahili za utalii nilizosoma tangu hapo zimetafsiri sentensi ileile: fukwe safi, usalama mdogo, tafuta hoteli kusini.