Akoko Mbele ya Serikali

Katika riwaya yake The River and the Source, iliyotolewa mwaka 1994, Margaret Ogola amsimulia Akoko, mjane ambaye shemeji yake Otieno alikinyakua kiti cha uchifu. Mjane huyo alifunga safari hadi Kisumu kumshtaki kwa Mwingereza, akasikilizwa. Msomaji wa Pap Onditi, aijuaye njia ya Kisumu, atamsifu kwa ushujaa wake, na ni haki yake. Lakini serikali hiyohiyo ndiyo iliyompeleka mwanawe Obura vitani Tanganyika, asirudi. Mwandishi, kwa maoni yangu, amemhurumia mno mtawala. Kwa sheria ya mwaka 1902 serikali ilijipa uwezo wa kuwateua wakuu wa vijiji. Basi kiti alichokidai Akoko kilikwisha kuwa mkononi mwa mwamuzi.