Pumzi Bila Jamaa

Hapa Kurasini mtu akijifungia ndani siku tatu, majirani husema, "Ana mawazo." Hakuna anayeuliza mawazo gani, maana neno lenyewe limekwisha kuwa jina la ugonjwa. Ndiyo sababu kitabu cha The Mindful Way through Depression, cha Mark Williams, John Teasdale, Zindel Segal na Jon Kabat-Zinn (2007), kilinigusa. Wanasema wazo si ukweli. Ni kitu kipitacho, nawe waweza kulitazama likipita huku ukifuata pumzi yako.

Sonona imenishika mara tatu, kwa hiyo nilisoma kama mgonjwa. Katika jaribio la Teasdale na wenzake la mwaka 2000, la watu 145 waliokwisha kupona, waliougua mara tatu au zaidi na kupata matibabu ya kawaida tu walirudiwa na ugonjwa 66 katika kila 100. Waliohudhuria mafunzo ya majuma manane walirudiwa 37. Waliougua mara mbili tu hawakufaidika. Basi, ndugu msomaji, hii ilipimwa kuwa kinga ya aliyeinuka. Asiyeweza kutoka kitandani apelekwe kwanza hospitali.

Njia hii asili yake ni kwa Wabuddha. Hata Upanga, hapa hapa Dar es Salaam, lipo hekalu lao lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka. Kwao kutafakari hakusimami peke yake: huenda pamoja na maadili, watawa na jamaa ya waumini. Mwaka 1979 Kabat-Zinn aliingiza mazoezi hayo hospitalini huko Massachusetts bila dini. Sioni ubaya, Mwislamu na Mkristo waweza kuyafanya pasipo kugusa imani yao.

Dosari naiona kwingine. Mafunzo yaliyopimwa yalikuwa ya kikundi, yenye mwalimu. Kitabu kinamkabidhi msomaji kurasa na sahani ya sauti, akae peke yake. Lakini sonona tayari imemtenga na watu! Dini imeachwa kwa hiari. Jamaa, naona, imeachwa kwa kusahau.

Mazoezi nayafuata, nami nayasifu. Ila nimetafuta wenzangu wawili, na kila Jumamosi tunakaa mkekani pamoja. Asiyekuja, tunakwenda kumbishia hodi.