Mapenzi ya Vijana katika Riwaya za Mapambano

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa maudhui ya riwaya ya mapambano, aghalabu huanza na unyonyaji, akafuatisha usaliti, kisha ukombozi. Na mwisho kabisa, ikiwa karatasi ingali na nafasi, hutaja mapenzi. Kwake yeye mapenzi ni chumvi ya kukolezea kisa. Sisi tunaona kwamba mpango huo una kasoro, na tungependa kuidhihirisha kwa kuzitazama riwaya mbili.

Ya kwanza ni How Beautiful We Were, yaani "Jinsi Tulivyokuwa Wazuri", iliyoandikwa kwa Kiingereza na Imbolo Mbue wa Kameruni na kutolewa mwaka 2021. Kisa kinaanza Oktoba 1980 katika kijiji cha Kosawa, ambacho nchi yake haitajwi. Kampuni ya Kimarekani, Pexton, inachimba mafuta hapo. Mabomba yanapasuka, mto unachafuka, maji ya kisima yanageuka sumu, na watoto wanazikwa mmoja baada ya mwingine. Kosawa ni ya kubuni, lakini msiba wake si wa kubuni. Huko Ogoni, katika delta ya mto Niger nchini Nijeria, mashamba na vijito viliharibiwa na mafuta. Na tarehe 10 Novemba 1995 mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake 8 waliotetea ardhi hiyo walinyongwa na serikali ya kijeshi.

Shujaa wa riwaya ni Thula. Baba yake, Malabo, alifunga safari na wenziwe kwenda mji mkuu kuwasihi wakubwa, wasirudi tena. Hapa hatuna budi kukiri jambo. Sisi tuliokaa miaka mingi katika ofisi za serikali tunazijua barua za wanakijiji, zilizoandikwa kwa kalamu ya kuazima, zikianza kwa heshima na kumalizika kwa kilio. Zilipita mezani petu, tukazigonga mhuri na kuzipeleka mbele. Tulipofika mahali Malabo anaposubiriwa nyumbani, tulikifunga kitabu kwa muda.

Thula anapata nafasi ya kusoma New York. Huo si uhamisho wa kufukuzwa, lakini ni uhamisho, kwani mwili uko ng'ambo na roho iko Kosawa. Anawaandikia vijana wa rika lake barua za kuwatia moyo wasichoke. Huko ugenini anapendana na Austin, mwandishi wa habari aliyekwisha kuandika juu ya mateso ya Kosawa. Hapa ndipo lilipo fumbo la riwaya. Mtu anayempenda ni mtu aliyekijua kijiji chake. Basi kumpenda si kukisahau. Hata hivyo saa inafika. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani: Thula anarudi kwao, na penzi linabaki ng'ambo.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999 na inayojulikana sana na wanafunzi wetu. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa akiwa na miaka 15 kwa mume aliyemzidi umri kwa mbali. Anaitoroka ndoa hiyo, na katika Zanzibar ya ukoloni anakutana na Denge, kijana mwanaharakati aliyesoma Urusi. Denge anafungwa, anatoroka, anaiacha nchi. Yasmin anabaki, na baadaye anaolewa na Bukheti.

Tukizilinganisha, twaona kwamba Thula anaacha penzi ili arudi nchini, na Denge anaacha nchi na penzi kwa pamoja. Kwa wote wawili mapenzi ndiyo mizani ya kupimia uzito wa mapambano. Tungejuaje Thula ametoa nini kama tusingejua alichokuwa nacho? Asiye na cha kupoteza hatoi mhanga. Kwa hiyo mwanafunzi anayeliweka penzi mwisho wa orodha ameitupa mizani yenyewe.

Lawama moja tunayo kwa Mbue. Thula anasimulia kwa kinywa chake akiwa mtoto; akishakuwa mtu mzima tunamsikia kwa barua na kwa masimulizi ya wengine. Penzi lake twalisikia kama uvumi wa mbali. Yasmin tunamwona kwa karibu zaidi, akicheka, akilia, akikosea. Pengine Mbue amekusudia hivyo, kwani watu wa nyumbani huyajua mapenzi ya mhamaji kwa barua tu. Lakini msomaji kijana, ambaye naye anapenda, alistahili kumsikia Thula mwenyewe usiku ule kabla ya kuondoka.

Wahenga wamesema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Walimu wasiyafiche darasani kwa kuona haya. Vijana wetu watarithi mito na misitu hii, na watatakiwa kuitetea. Waambieni kwamba Thula hakuiokoa Kosawa: mwisho wa kitabu kijiji kimetoweka. Kisha waulizeni kama alikosea kurudi, na mwape muda wa kujibu.