Dakika Ishirini za Kila Mtoto

Katika ligi ya watoto ya MYSA kule Mathare, Nairobi, timu ikishinda mechi hupata pointi 3. Ikimaliza zamu yake ya usafi wa mtaa, ikazoa taka na kuzibua mitaro, hupata pointi 6. Hebu isome hesabu hiyo kwa jicho la kocha. Timu yenye straika hatari lakini isiyotokea siku ya usafi inaweza kupitwa kwenye msimamo na timu ya wastani iliyofika na makoleo.

MYSA, yaani Mathare Youth Sports Association, ilianzishwa 1987 na Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akiishi Nairobi, na sifa zake nyingi zimetokana na mazingira. Mimi naitaja kwa sababu nyingine. Ugomvi unaosikika kando ya viwanja vya watoto hapa Gataka ndio huo huo wa Rongai na Kitengela: mzazi amelipa ada ya mazoezi, amenunua njumu, amemleta mtoto kwa boda asubuhi na mapema, kisha mtoto anaingizwa dakika tano za mwisho timu ikiwa imeshafungwa manne. Kocha naye hujitetea kwamba amekuja kushinda. Pande zote mbili hulizungumza jambo hili kama la roho nzuri na roho mbaya. Kwa maoni yangu linaamuliwa na vitu viwili vikavu zaidi: kinacholipwa pointi, na karatasi ya zamu.

Tuanze na pointi. Katika ligi ya kawaida mtoto wa kumi na nne ni mzigo, maana kila dakika anayopewa ni hatari kwa zile pointi 3. Mathare mtoto huyo ana mikono, na mikono inaleta pointi. Kanuni haikumshurutisha kocha ampe dakika, ilimfanya amhitaji. MYSA iliongeza mengine ya namna hiyo: kadi ya kijani kwa mchezaji mwungwana kuliko wote uwanjani, na alama kwa vijana wanaofundisha na kuchezesha mechi za wadogo, alama ambazo zimegeuka karo ya shule kwa baadhi yao.

Je, ushindi ulikufa? Mathare United, timu iliyozaliwa humo 1994, ilitwaa Kombe la Moi 1998 na 2000, ikawa bingwa wa ligi kuu 2008, na Dennis Oliech alipitia huko kabla ya kwenda Ufaransa. Siri yake haina maajabu: timu ya ushindani ilitengwa, ligi ya mtaa ikabaki ya kila mtu. Anayekwama ni kocha anayetaka kufanya kazi zote mbili kwa watoto wale wale, katika mechi ile ile, bila kumwambia mzazi leo ni ipi.

Sasa karatasi. Chukua timu ya watoto 14 wa chini ya miaka 12, saba uwanjani, mechi ya dakika 40. Igawe robo nne za dakika 10. Kila robo ina nafasi saba, jumla 28, yaani mbili kwa kila mtoto, dakika 20 kamili. Kipa mmoja akidaka mechi nzima, zinabaki nafasi 24 kwa watoto 13, na wawili watapata robo moja tu. Ndiyo maana makipa wawili, kila mmoja kipindi chake, ni jambo la kwanza la kupanga na wala si la mwisho.

Sasa tuje kwenye kosa linalowapoteza makocha wengi. Wana wachezaji wanne wazuri, wanawaanzisha wote, wanaongoza mawili kwa sifuri hadi mapumziko, kisha wanawatoa wote kwa pamoja “ili na wengine wacheze”. Kipindi cha pili mvua ya mabao inanyesha, na lawama zinawaangukia wale walioingia. Dakika zimegawanywa sawasawa, lakini mchanganyiko ni mbovu. Wapange wanne hao wawili wawili, beki na kiungo: wawili wa kwanza robo ya 1 na ya 3, wawili wa pili robo ya 2 na ya 4. Hakuna robo isiyo na beki wa kati anayetulia na kiungo anayejua kuushika mpira. Idadi ya dakika haikubadilika hata kidogo.

Mpango huu unadai mchezaji aliyetoka aweze kurudi. Sheria ya 3 ya soka inaruhusu hilo katika mechi za vijana na za mtaani, chama cha soka cha nchi kikiridhia, na waandaaji wanapaswa kuliandika kwenye kanuni za mashindano kabla ya mpira kuanza. Huko Marekani, ligi ya soka ya watoto ya AYSO, iliyoanza 1964, imeweka nusu ya kila mechi kuwa haki ya kila mtoto, wala haikuiachia huruma ya kocha.

Ligi ya Gataka ingeweza kuanza na kitu kidogo: pointi 1 ya ziada kwa timu iliyochezesha kila mtoto nusu ya mechi, karatasi ikisainiwa na refa. Mwanya wake nauona tangu sasa. Kocha mjanja atampigia mzazi simu Ijumaa usiku na kumwambia kesho mtoto apumzike, kisha aje na tisa walio moto. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa orodha ya msimu mzima, na mtoto aliyesajiliwa asiyeonekana mechi tatu mfululizo bila ugonjwa aigharimu timu pointi ile.

Mechi za mtoano ni suala lingine. Huko timu ikifungwa inafunga virago, na sidhani kuna karatasi itakayomzuia kocha kumwacha nje mtoto dhaifu zikiwa zimebaki dakika kumi. Ningewaomba waandaaji wa watoto wa chini ya miaka 12 waachane na mtoano, wacheze ligi au makundi, ambapo kupoteza Jumamosi moja kunagharimu pointi 3 tu.