Bunduki ya .22 Inapotawanya Matundu Mponde

Shabaha ya mita 50 haina huruma. Duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4, na risasi ya .22 yenyewe ni milimita 5.6. Ukiipandisha bunduki ya risasi hiyo kutoka Tanga hadi Mponde, kwenye milima ya chai, kisha matundu yakatawanyika kwenye karatasi, wa kwanza kulaumiwa huwa mlima: hewa nyepesi, watu husema. Kwa umbali huo, mwinuko wa mita 1,400 huihamisha risasi kama milimita 1 tu. Tena huihamisha, hauitawanyi.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yote. Kundi la matundu lililobana lakini likahama hurekebishwa kwa vilengeo. Lililotawanyika halirekebishiki hivyo, na anayezungusha vilengeo baada ya kila risasi anazidi kujipoteza.

Kwa Mponde, mshukiwa wangu wa kwanza ni kitako cha mti. Ukungu unaostawisha chai huuvimbisha mti nao. Kwenye bunduki ambayo mtutu wake uliachiwa nafasi, pitisha kipande cha karatasi kati yake na kitako. Kikikwama, mti umeanza kuusukuma mtutu. Na kadiri mtutu unavyopata moto ndivyo msukumo unavyobadilika, matundu yakitambaa upande mmoja. Hapohapo kagua skrubu za kitako na za darubini. Iliyolegea nusu mzunguko inatosha kukuharibia asubuhi nzima.

Matundu yakijipanga wima, tazama risasi. Ya mashindano hutoka kwa takriban mita 325 kwa sekunde. Ikipungua mita 10, hutua karibu milimita 7 chini. Boksi la bei rahisi halikosi tofauti ya namna hiyo, na risasi zilizolala kwenye baridi ya Julai huenda polepole zaidi. Ukibadilisha aina, piga kadhaa kabla ya kuhukumu, maana mafuta ya zile za zamani bado yamo ndani ya mtutu.

Akishukiwa mpigaji, mbinu ni kubadilisha kitu kimoja tu. Mwaka 2004, Mmarekani Matthew Emmons aligundua kabla ya Olimpiki kwamba bunduki yake ilikuwa imehujumiwa. Mpigaji yuleyule, akiwa na bunduki ya kuazima kwa mwenzake Amber Darland, akatwaa dhahabu ya mita 50 kwa kulala kule Athens. (Siku 2 baadaye, akiongoza fainali nyingine, risasi ya mwisho aliipiga kwenye shabaha ya jirani. Hilo fundi hawezi kulitibu.)

Kwetu silaha haziazimwi kama jembe, hivyo mifuko ya mchanga ichukue nafasi ya bunduki ya pili. Ilaze bunduki juu yake, usiguse kingine chochote, upige risasi 10. Kundi likibana hapo na kutawanyika ukiishika mikononi, weka bisibisi chini, urudi kwenye pumzi na kidole.