KUTOKA PICHANI: NURU NA UVULI KATIKA PICHA NYEUSI NA NYEUPE

Mtu atazamapo picha yake husema, "Nimetoka vizuri," au, "Sikutoka." Usemi huu umezoeleka hata haumshangazi mtu, nao wastahili kuchunguzwa. Mpiga picha hupiga, apigwaye hutoka. Katika kitenzi cha kwanza mtenda ni mwenye kamera. Katika cha pili mwenye kamera hayumo kabisa, na sifa au lawama yote yamwangukia mwenye sura. Kwa mazungumzo usemi huu wafaa, lakini wampoteza mhakiki. Sura haitoki yenyewe. Hutolewa, na kinachoitoa ni nuru pamoja na uvuli.

Yafaa kutofautisha maneno mawili. Kivuli ni umbo la giza ambalo kitu hulitupa ukutani au chini. Uvuli ni ile hali ya kufifia kwa nuru mahali isipofika sawasawa. Katika picha isiyo na rangi, uvuli ndio ulioonyesha kuwa shavu ni la mviringo na taya lina ukingo. Ukiondolewa, uso wabaki bapa kama karatasi yenyewe.

Wamisionari wa Kimoravia walifika Mbozi mwaka 1899, katika nchi ya Wanyiha ambayo tangu 2016 ni sehemu ya Mkoa wa Songwe. Picha za misheni zao za nyanda za kusini zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani. Zama hizo picha za misheni aghalabu zilipigwa nje, juani. Mbozi na Tunduma zipo kiasi cha nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri husimama utosini mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Nuru iangukayo kutoka juu huangaza paji la uso na pua, ikayaacha macho gizani. Tena vioo vya picha vilivyotumika sana wakati ule havikuhisi rangi nyekundu. Kwa hiyo ngozi ya hudhurungi ilionekana nyeusi kuliko ilivyo. Vioo vyenye kuhisi rangi zote vilianza kuuzwa mwaka 1906, wala havikuenea mara moja. Na iwapo mtu alivaa nguo nyeupe, mpiga picha akakadiria mwanga kwa nguo badala ya uso, uso ulizama.

Asiyejua hayo husema kwamba ngozi nyeusi haitoki pichani. Kauli hiyo ni hukumu juu ya watu, iliyojengwa juu ya kasoro ya kioo na uvivu wa kungoja jua lishuke.

Ushahidi wa kuipinga wapatikana pwani, walikokuwako mafundi wenye taa. Katika studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa, katikati ya karne ya 20, wateja wa kila jamii walipigwa picha zilizojengwa kwa taa na uvuli. Kanuni ya kazi ya namna hiyo si siri. Taa kuu huwekwa ubavuni, juu kidogo ya macho. Ngozi nyeusi huirudisha nuru kwa mng'ao, nao mng'ao huchora mfupa wa shavu na daraja ya pua. Upande wa pili huwekwa taa hafifu au shuka jeupe, ili uvuli upungue bila kutoweka. Nyuma, pazia lisiwe na weusi ulio sawa na wa nywele, ama sivyo kichwa humezwa. Kasoro ya mtindo huu ni kwamba taa yaweza kuzidi: mteja akatoka kama mchezaji wa sinema, na jirani zake wasimtambue.

Huko Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993) alifuata njia nyingine: alizikata sura akazipanga upya, nyingine katikati ya maua. Hapo mpangilio ndio uliobeba maana, si taa. Wote wawili, hata hivyo, walikubali kwamba sura haina budi kutolewa na mtu.

Kinyume cha hayo ni picha ya pasi, iliyo haja ya kawaida katika mji wa mpakani kama Tunduma, unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Kanuni zake zataka nuru iliyo sawa pande zote, ukuta mtupu nyuma, na uso uelekee mbele. Kwa kazi yake ni kanuni za haki, maana afisa wa mpakani ataka kutambua, hatafuti kufahamu. Ubaya waanza zinapofanywa kipimo cha kila picha. Kwa kuogopa kivuli cha ukutani, fundi hufukuza na uvuli wa usoni. Kisha mtu akifariki, mara nyingi picha iliyopo ni hiyohiyo ndogo. Hukuzwa, ikawekwa kando ya jeneza, na waombolezaji humwaga mzee wao kwa sura iliyotengenezwa kwa ajili ya forodhani.

Kwa sababu hiyo, swali la mhakiki lisiishie kuwa fulani ametoka au hakutoka. Na liulizwe: ametolewa na nani, kwa nuru ya upande gani, na uvuli wake umeachiwa nafasi gani? Lugha ya kila siku itaendelea kumficha fundi, wala si kosa lake. Ni kazi ya uhakiki kumrudisha katika sentensi.