Fundi Anayetengeneza Kompyuta Akiwa Ndani Yake

Kwenye VM, mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM, kila amri ikimalizika skrini hujibu kwa mstari mmoja mfupi: Ready; T=0.02/0.03, kisha saa na dakika. Watumiaji wengi huupita mstari huo bila kuutupia jicho. Msimamizi wa mfumo huusoma. Namba ya kwanza ni sekunde za prosesa zilizoliwa na mashine ya mtumiaji mwenyewe. Ya pili ni jumla, yaani hizo pamoja na zile ambazo CP, programu inayotawala kompyuta nzima, imezitumia kumhudumia. Amri ikirudi na 0.02/1.40, msimamizi hana haja ya kuuliza mengi. Programu yenyewe haikuwa na kazi kubwa. Imeshinda ikiisumbua CP, pengine kwa kusoma diski vipande vidogo vidogo, au kwa kuandika mstari mmojammoja pale ambapo ingeandika hamsini kwa mkupuo. Basi hahangaiki kupekua hesabu za programu. Anakwenda moja kwa moja pale data inapoingilia na inapotokea.

Kazi ya wasimamizi hawa karibu yote iko hivyo. Haina kelele, haina picha za rangi, na anayepita nyuma ya kiti ataona tu mtu anayetazama namba. Ukikaa naye ndipo unapogundua kuwa anajua kila moja imetoka wapi.

Chimbuko la VM ni ofisi ya utafiti ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, jirani kabisa na chuo cha MIT. Mwishoni mwa 1964 Robert Creasy na Les Comeau walianza kubuni CP-40, na Januari 1967 ilikuwa kazini: kompyuta moja ya System/360 Model 40, iliyoongezewa kifaa cha kutafsiri anwani za kumbukumbu, ikijigawa kuwa kompyuta 14, kila moja na kilobaiti 256 zake. Ikafuata CP-67, na tarehe 2 Agosti 1972 IBM ikatangaza VM/370. Leo inaitwa z/VM. CP haimpi mtumiaji programu ya kutumia. Humpa kompyuta tupu na kamili, yenye kumbukumbu, diski, kisoma kadi kwenye anwani 00C, kitoboa kadi kwenye 00D na printa kwenye 00E. Ndiyo, hata leo. Kadi za kutoboa zimebaki kwenye makumbusho, lakini ukimtumia mwenzako faili ndani ya VM, kwa hesabu za mfumo umeitoboa kwenye kadi, nayo inamngoja kwenye kisoma kadi chake. Hakuna aliyeona sababu ya kuondoa kitu kinachofanya kazi, na mimi nawaunga mkono. Juu ya kompyuta hiyo ya kubuni mtu huwasha anachotaka: CMS, ambao ni mfumo mwepesi wa mtumiaji mmoja, Linux, au VM nyingine nzima. Hiyo ya mwisho tutairudia.

Kila kinachowashwa humo huitwa mgeni, na mgeni akianguka, CP hutoa ujumbe ambao wenye kazi hii wanaujua kwa moyo: HCPGIR450W CP entered; disabled wait PSW, ukifuatwa na tarakimu kadhaa za heksadesimali. Maana yake ni kwamba mgeni ameingia katika hali ya kungoja huku amezuia kila ishara ambayo ingeweza kumwamsha. Kwenye kompyuta ya kawaida hapo ndipo mwisho, unazima na kuwasha. Kwenye VM hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu aliyeanguka ni mgeni peke yake. CP iko macho chini yake, na wageni wengine hawana habari. Msimamizi hutazama kwanza tarakimu za mwisho. Kwa kawaida zingekuwa anwani ya agizo linalofuata kutekelezwa, lakini mashine iliyoamua kusimama haina agizo la kufuata, kwa hiyo waandishi wa mifumo endeshi huitumia nafasi hiyo kuacha msimbo wa sababu. Kisha huandika DISPLAY G, na rejista 16 za mgeni zinajipanga mbele yake jinsi zilivyokuwa wakati wa ajali. Akitaka kipande cha kumbukumbu, anakitaja kwa anwani na anakipata. Kama ajali inajirudia, anamwasha mgeni upya na kuweka TRACE, na kuanzia hapo mgeni anatembea agizo kwa agizo, anasimama anapoambiwa asimame. Haya yote yanafanyika bila mgeni kujua kwamba anatazamwa. Sijui chombo kingine cha kompyuta cha enzi ile kilichompa fundi nafasi nzuri namna hiyo ya kuona.

CP yenyewe nayo huanguka. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Tom Van Vleck, aliyekuwa akiitunza CP-67 kwenye Maabara ya Mifumo ya Miji ya MIT, naye amekiandika mwenyewe. Alikuwa ameubadilisha mfumo kidogo ili ukubali mistari mirefu zaidi kutoka kwenye kifaa kilichokuwa Harvard. Msimbo wa awali ulihifadhi urefu wa mstari kwenye baiti moja, na baiti moja haiwezi kushika namba inayozidi 255. Mabadiliko yakarefusha mistari, ila mahali pamoja hesabu ikaendelea kufanywa kwa baiti ileile. Kifaa kilipoanza kazi, CP-67 ilianguka na kuwaka upya mara 27 kwa siku moja.

Ningependa msomaji atulie kidogo kwenye hiyo 27. Kwa nini siku moja ilitosha kuanguka mara zote hizo? Kwa sababu CP-67 ilikuwa ikijiwasha yenyewe kwa dakika chache tu. Katika jengo lilelile ambamo watu wa IBM walikuwa na ofisi zao kulikuwa na mradi wa mfumo endeshi mwingine, Multics, nao ulikuwa na maanguko yake, lakini kila anguko liliwagharimu kama saa nzima ya kukagua mafaili yote kabla ya watumiaji kurudi. Multics isingeweza kuanguka mara 27 kwa siku hata ingetaka. Van Vleck anasema ulinganisho huo mchungu ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya watu wa Multics waanze kuunda upya mfumo wao wa kuhifadhi mafaili. Yaani kosa la baiti moja upande huu liliwatia aibu majirani wakatengeneza vyao vizuri zaidi.

Kuna pia kazi ya kila siku ambayo haiingii kwenye visa. Diski kubwa hukatwa vipande, na kila mtumiaji hupewa chake kwenye faili ya USER DIRECT: kianzie silinda fulani, kiwe na silinda kadhaa. CP haikagui kama vipande viwili vimepandana. Si uzembe; wakati mwingine msimamizi hupandanisha kwa makusudi, kwa mfano anapotaka kipande kimoja kinachofunika diski nzima ili achukue nakala ya akiba. Lakini akikosea tarakimu moja, watumiaji wawili watakuwa wanaandika juu ya silinda zilezile bila yeyote kupata onyo, mpaka siku mmoja wao atakapofungua faili na kukuta maneno ya mwenzake. Ndiyo maana fundi mzuri hakubali mabadiliko ya faili hiyo kabla ya kuendesha DISKMAP, ambayo hupanga vipande vyote kwa mfuatano na kuonyesha wapi pamebaki pengo na wapi pamepandana. Kisha anausoma mpangilio huo wote. Kompyuta haiwezi kumwambia upi kati ya mipandano hiyo ameukusudia.

Kinachonivutia kuliko yote ni namna walivyozoea kurekebisha. Kwa miaka mingi IBM iliwapa wateja wa VM msimbo chanzo, na wateja wakaubadilisha watakavyo. Hatari yake iko wazi: baada ya miaka mitatu hakuna ajuaye ni nini cha IBM na ni nini cha nyumbani. Jibu lao lilikuwa kutougusa msimbo wa asili kabisa. Kila mstari una namba yake kwenye safu ya 73 hadi ya 80, na anayetaka kubadilisha jambo huandika faili ndogo pembeni: ./ D na namba, futa mstari huu; ./ I na namba, baada ya mstari huu ingiza ifuatayo; ./ R, weka hii mahali pa ile. Amri ya UPDATE huyachanganya haya na asili wakati wa kuunda tu. Ni kama wanazuoni wa zamani wa Lamu na Zanzibar waliosomesha kwa vitabu vya mkono: matini hubaki kama ilivyoandikwa, na sherehe huwekwa hashiyani, kila kizazi na mwandiko wake. Faili nyingine, iitwayo AUX, huorodhesha mabadiliko yote ya moduli moja, nayo husomwa kutoka chini kwenda juu: la zamani liko chini kabisa na hutangulia, jipya huongezwa juu. Ukitaka kujua moduli imepitia nini tangu ilipotoka kiwandani, unaanza mstari wa mwisho na kupanda. Ukitaka kuondoa kiraka kilicholeta balaa, unafuta mstari mmoja na kuunda upya. Mtu aliyekiandika anaweza kuwa alishastaafu. Faili yake ingali inaeleza alichotaka.

Tahadhari hiyo imebaki kwenye z/VM. Amri ya SERVICE huandaa marekebisho bila kugusa kinachotumika. PUT2PROD ndiyo inayoyaingiza kazini, na moduli ya CP iliyokuwa ikitumika huhifadhiwa kwa jina la CPLOLD. Mpya ikigoma kuwaka, msimamizi huiambia kompyuta ianze na CPLOLD, na asubuhi watu wanaingia kazini kama kawaida. Hata CMS ikibadilishwa katikati ya mchana, aliyekwisha kuiwasha anaendelea na nakala ya zamani. Nakala hiyo huwekewa alama ya P, yaani inangoja kufutwa, na hufutika anapotoka mtumiaji wake wa mwisho.

Sasa ile VM ndani ya VM. Msimamizi mwenye toleo jipya mkononi hulipa mashine pepe, yaani ile kompyuta ya kubuni, na kuliwasha humo, likiwa mgeni kama wageni wengine. Analijaribu na watumiaji wa kubuni na diski za kubuni, analiangusha, anasoma rejista zake, analiwasha tena, na kazi za kampuni zinaendelea kwenye toleo la zamani lililoko chini. Mbinu hii ni ya tangu mwanzo. System/370 yenye kumbukumbu pepe ilipokuwa bado siri ya IBM, na mashine yenyewe haijawa tayari, wahandisi wa Cambridge waliibadilisha CP-67 ili iige maagizo mapya ya 370, kisha wakaandika CP ya 370 na kuiendesha ndani ya mwigo huo. Na kwa kuwa kompyuta yao ilitumiwa pia na wanafunzi wa vyuo vya jirani, mwigo wenyewe nao uliendeshwa ndani ya mashine pepe, wasije watu wa nje wakaona maagizo yasiyotangazwa. Kompyuta ilipokuja, mfumo wake ulikuwa umeshazoea kufanya kazi.

Februari 1983 IBM ilitangaza kwamba itaanza kutoa programu bila msimbo chanzo. Watu wa VM, ambao nembo yao ni dubu mdogo wa kuchezea na ambao si wepesi wa kugombana, waliipinga sera hiyo kwa miaka. Ukishaona walivyokuwa wakifanya kazi, hasira yao haihitaji maelezo: faili ya ./ R haina kazi kama hakuna mstari wenye namba wa kuubadilisha. Mengi yalifungwa, lakini VM/370 ya zamani, pamoja na msimbo wake, imebaki mikononi mwa watu, na Hercules, programu ya bure inayoiga kompyuta kuu, huiendesha kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida. Kijana wa Dar es Salaam au wa Toronto anaweza leo kuchukua moduli yoyote ya CP, kuandika kiraka chake cha mistari mitatu pembeni, kukiongeza juu ya orodha ya AUX, kuunda CP mpya na kuiwasha ndani ya mashine pepe. Mara ya kwanza huenda ikasimama na ujumbe wa 450W. VM yake ya chini itakuwa bado inaendelea na kazi, nayo DISPLAY G itamwonyesha rejista zote 16.